Mchakato wa programu ya simu za intaneti unaoendelea chinichini: saini, VirusTotal au mtandao, kipi cha kuaminiwa?

Nukta7
Wakuu, salaam. Ukifunga dirisha la programu ya kupiga simu kwa intaneti, kwenye Task Manager bado unaukuta mchakato wake, pengine mitano au sita yenye jina lilelile. Kujua kama ni programu yenyewe au ni kirusi kimevaa jina lake, naona njia tatu: kukagua folda na saini ya kidijitali ya faili, kuuliza VirusTotal (tovuti inayolikagua faili kwa antivirusi nyingi), au kuangalia unawasiliana na nani. Ipi ina uzito zaidi, na ipi inaweza kudanganya?

FundiMkonga
Wingi usikutishe mkuu. Programu zilizojengwa kwa Electron, mfumo unaotumia teknolojia za wavuti, hugawanyika: mchakato mmoja mkuu, mmoja wa michoro, mmoja wa mtandao, na mwingine wa kuonyesha kurasa. Nazo hubaki macho baada ya dirisha kufungwa ili simu ikiingia iite.

Anza na folda na saini, ni kazi ya dakika mbili. Ctrl+Shift+Esc, kichupo cha Details, bofya kulia kwenye jina, "Open file location". Zoom ikiwekwa kwa mtumiaji mmoja hukaa AppData\Roaming\Zoom\bin. Teams mpya, yaani ms-teams.exe, hukaa ndani ya Program Files\WindowsApps. Kwa hiyo wanaosema chochote kilichomo AppData ni kirusi wanapotosha. Cha kutilia shaka ni Temp, Downloads, au programu ya simu iliyojipachika System32. Soma jina herufi kwa herufi pia, maana I kubwa hufanana sana na l ndogo.

Kisha PowerShell: Get-AuthenticodeSignature "njia ya faili". Jibu liwe Valid na jina la mtia saini liwe la kampuni husika. HashMismatch maana yake faili limeguswa baada ya kutiwa saini. Hilo usilifumbie macho. Jina la kampuni linaloonekana kwenye maelezo ya faili tu si ushahidi, yeyote anaweza kuliandika.

Kipanga_SIP
Naafiki, ila saini inakwambia faili ni la nani, haikwambii linafanya nini. Mfano mzito ni 3CX, programu ya simu za ofisini, Machi 2023. Matoleo ya Windows 18.12.407 na 18.12.416 yalitoka kwa kampuni yenyewe, yakiwa na saini halali. Ubaya ulikuwa kwenye faili saidizi la programu (DLL) liitwalo ffmpeg.dll, lililosoma data iliyofichwa ndani ya d3dcompiler_47.dll. Hii ya pili ilikuwa na saini ya Microsoft. Wavamizi waliongeza data ndani yake na Windows ikaendelea kuiona saini ni halali. Udhaifu huo ni CVE-2013-3900. Kinga yake ipo tangu 2013 lakini haijiwashi: ni lazima uweke EnableCertPaddingCheck kuwa 1 kwenye sajili, chini ya HKLM\Software\Microsoft\Cryptography\Wintrust\Config, na tena chini ya Wow6432Node kwa mfumo wa biti 64.

Mtandao nao una mtego wake. Programu ile ilinyamaza angalau siku saba kabla ya kuwasiliana na seva za wavamizi. Ukiangalia siku ya kwanza tu, unaona usafi mtupu.

Hata hivyo, mtandao ndio unaoonyesha matendo. Fungua CMD kama msimamizi, andika netstat -abno, au tumia zana ya TCPView. Bila simu inayoendelea, kawaida ni miunganisho michache kwenda poti 443, au 5060 na 5061 kwa SIP (itifaki ya kuanzisha simu), na pakiti ndogo kila baada ya sekunde kadhaa za kuzuia njia iliyofunguliwa kwenye ruta (NAT) isifungwe. STUN, inayoisaidia programu kujua anwani yake ya nje, hutumia 3478. Simu ya G.711, njia ya kusimba sauti, hula takriban kbps 87 kila upande ukijumlisha vichwa vya pakiti. Opus, njia nyingine, hula pungufu ya hapo, kwa hiyo usiangalie ukubwa peke yake, angalia mfululizo: data inayotoka bila kukatika wakati hakuna simu inadai maelezo.

Mama_Seva
VirusTotal mimi naiweka ya tatu, na jamani, msipandishe faili lenyewe. Faili likipanda, wateja wanaolipia wanaweza kulipakua, na baadhi ya vifurushi vya ofisini hubeba nenosiri la SIP ndani yake. Pelekeni heshi tu, yaani alama ya kidole ya faili: certutil -hashfile "njia ya faili" SHA256, nakili zile herufi 64, zibandike kwenye kisanduku cha kutafuta. Injini moja ikilalamika kati ya sabini kwa jina la jumla, mara nyingi ni kengele ya uongo. Lakini msiiruhusu kwenye antivirusi kabla ya kuchunguza. Kwenye 3CX zilikuwapo antivirusi zilizopiga kelele siku kadhaa kabla, watu wakadhani zimekosea. Programu maarufu ambayo heshi yake haijulikani kabisa, na si toleo la leo, hiyo inanitisha zaidi.

Zana ya Process Explorer hukusanya haya pamoja. Options, washa Verify Image Signatures na Check VirusTotal.com, hutuma heshi tu. Kisha Ctrl+D ili uone kila DLL. Ukiishia kwenye exe, kisa kama cha ffmpeg.dll kinakupita.

Nukta7
Nimeelewa. Na kusikilizwa kupitia maikrofoni?

Kipanga_SIP
Settings, Privacy & security, Microphone: utaona programu na saa ya mwisho kuitumia. Linganisha na saa za simu zako. Ila programu ya mezani inaweza kuipitia dreva moja kwa moja isionekane hapo, kwa hiyo orodha safi haitoshi kuitakasa.

FundiMkonga
Ukiamua kuiondoa, usifute exe peke yake, kisasishi chake kinaweza kuirudisha. Iondoe kwa utaratibu, anzisha upya kompyuta, kisha kagua kwa Autoruns, zana inayoonyesha vinavyojiwasha vyenyewe, hasa Logon, Services na Scheduled Tasks. Mwaka 2019 Zoom ya Mac iliacha seva ndogo kwenye poti 19421 hata baada ya kuondolewa, hadi Apple walipoifuta kwa sasisho la kimyakimya. Kwenye Mac, lsof -i -P -n huonyesha mabaki ya aina hiyo. Kwenye Linux ni ss -tunp, na ls -l /proc/PID/exe kujua faili halisi.