Bendi ya mwanangu imefilisika, wakongwe wanataka kuifufua. Nichange au nidai changu?

MamaKwaminchi

Habari zenu wapendwa. Mimi mtu wa Tanga, huu mwaka wa 14 niko Ohio. Naomba ushauri, hasa kwa mliolea watoto huku Marekani.

Kijana wangu wa pili ana miaka 19, anapiga besi. Si gitaa, ni ile ngoma kubwa ya kuvaa kifuani. Mwaka juzi alikuja mbio akaniambia, "Mama, nimechaguliwa kwenye koo!" Nikamuuliza koo za akina nani? Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe wenyewe wanasema dramkoo, yaani "drum corps", bendi za gwaride za kushindana. Ni vijana zaidi ya 150, wenye ngoma na matarumbeta, kiangazi chote wako barabarani. Wanalala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule, leo mji huu kesho mji ule, mpaka fainali za Agosti kule Indianapolis. Na anayelipa ni mzazi. Nilivyoambiwa mara ya kwanza nilidhani sijasikia vizuri: mtoto anafanya kazi juani kutwa, halafu mimi ndiye nalipa?

Kiangazi kilichopita nililipa karibu dola 5,000. Nilichukua zamu za usiku kule kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Sikujuta. Nilimwona uwanjani nikalia kama niko harusini.

Mwaka huu tukaanza tena. Novemba dola 400, Desemba 700, Januari 700. Jumla 1,800. Wiki iliyopita ikaja barua pepe: bodi imeamua bendi haitatoka kiangazi hiki "ili kujipanga upya kifedha". Kuhusu pesa zetu, mstari mmoja tu, kwamba tutaarifiwa.

Hazijapita siku tatu nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wakongwe, watu wazima wa miaka 50 na 60 waliopiga zamani. Wanataka kuifufua. Kila familia dola 500. Mmoja alinipigia, sauti inamtetemeka, akasema sisi ni familia. Nikajisemea, basi kweli ni koo, maana mambo ya ukoo ndiyo haya: unapigiwa simu ya mchango kabla hujajua marehemu ni nani.

Naomba kujua: hizi bendi zikisimama huwa zinarudi? Na hizo 1,800 zangu nizisahau?

Kipenga_Butu

Dada, omba hela yako leo. Na iyo 500 mpelekee mama yako Tanga.

Mpishi_wa_Lori

Dadangu pole. Mimi wa Majengo, Mombasa, na nimepikia moja ya hizi bendi viangazi 11, ndani ya trela la jiko. Jina silitaji, wengine bado tunasalimiana. Nitakwambia nilichokiona kutoka kwenye sufuria.

Watu hawajui kinachokula pesa kule. Wanaona sare na manyoya, wanafikiri ni sare. Pesa inaliwa na matumbo na magurudumu. Wachezaji, walimu, madereva, wasaidizi, ni midomo 200. Milo minne kwa siku, maana hawa watoto wanafanya mazoezi kwa muda wa saa 12 juani. Sahani 800. Siku 75 za safari, sahani 60,000. Ukijibana sahani moja isizidi dola 3, ushakula dola 180,000, na hapo hujakodi basi hata moja. Weka mabasi manne ama matano, malori ya vyombo, dizeli, bima, kodi ya shule za kulala. Hiyo 5,000 yako ni kubwa kwako, lakini haitoshi kumbeba mwanao mpaka Agosti. Pengo hilo lazima mtu alizibe, na hapo ndipo bendi hupona ama hufa.

Jikoni ndiko mtu hujua mapema. Mwaka wetu wa mwisho nyama ilianza kupungua Juni. Mwanzo nikaambiwa kuku mara nne kwa wiki, mara mbili, kisha mkurugenzi akaja mwenyewe ananiuliza kwa upole kama maharage si yana protini. Yanayo, nikamwambia, kwetu tumekulia hayo. Lakini usimpe mtoto anayebeba tuba siagi ya karanga mchana na usiku ukategemea atabaki amesimama. Julai, saa tisa usiku, tuko kituo cha mafuta Nebraska, kadi ya dizeli ikakataa. Malori matatu yamejipanga, watoto wamelala ndani ya mabasi hawana habari. Nikatoa kadi yangu mimi, mpishi. Dola 1,100 na ushei. Nilirudishiwa 600 mwezi wa Oktoba. Zilizobaki nimeshazisamehe, ingawa mke wangu bado.

Mwaka uliofuata wakatangaza "tunapumzika mwaka mmoja tu". Huu wa tano. Vyombo vilipigwa mnada, marimba na yale matoazi yote. Marimba, dadangu, jina letu kabisa lile, halafu limeondoka juu ya pikapu ya mtu.

Sasa swali lako, huwa zinarudi? Baadhi. Santa Clara Vanguard ya California, mabingwa mara saba, walisema hawatoki 2023, na 2024 wakarudi uwanjani. Glassmen wa Toledo, hapo kwenu Ohio, hawakutoka 2013 na mpaka leo kimya. The Cadets walianzia parokia ya Holy Name, Garfield, New Jersey, 1934. Ubingwa wa DCI, yaani Drum Corps International, wanaoendesha haya mashindano, mara kumi. Aprili 2024 wakafunga, mwaka wao wa 90. Hao hawakuuliwa na dizeli. Ilikuwa kesi juu ya madai ya unyanyasaji wa kingono wa miaka ya 1980, na mzigo wake hawakuuweza. Kwa hivyo hilo ndilo la kwanza kuwauliza hao wakongwe: shimo ni la nini? Deni la mabasi hulipika polepole. Shimo la kesi ukilitupia 500, hutasikia hata mlio wake ukifika chini.

La pili, waulize bendi inakula nini wakati haisafiri. Zamani hizi zilikuwa za mtaa. Padri ana bendi, American Legion, chama cha askari wastaafu, wana bendi, watoto wa barabara moja, na bingo ya Ijumaa, ule mchezo wa bahati nasibu, ndiyo inalipa. Vanguard wenyewe walikuwa na bingo yao miaka na miaka. Siku hizi mtoto anapanda ndege kutoka Texas, mwingine Japani, wanakutana shuleni kwenye mji usiowajua, Agosti wanaagana. Sasa ikianguka, nani mjini atakosa usingizi? Yangu ilikosa hata mtu wa kutuazima kabati la kuwekea sare. Bendi yenye ukumbi wake, yenye madarasa ya ngoma ya watoto kila Jumamosi, hiyo ikikaa mwaka ni kama shamba lililopumzishwa. Isiyo na kitu nyumbani, ukiisimamisha mabasi ushaizika.

Usikate tamaa lakini. Boston Crusaders wapo tangu 1940. Fainali za DCI za timu 12 hawakuzionja mpaka 1999, na ubingwa wa kwanza ni juzi tu, 2025.

Mzee_Chumbageni

Mama Kwaminchi, hili si geni kwetu. Muulize babu yeyote wa Tanga habari za beni, zile ngoma za mashindano za enzi za ukoloni, na vyama vyake Marini na Arinoti. Sare za kizungu, ngoma kubwa, vyeo vya wafalme, na kila upande unachinja zaidi ya wenzake ili uwaaibishe. Watu waliingia madeni kwa ajili ya gwaride la siku moja. Hakukuwa na bodi ya kuwatumia barua pepe, hiyo tu ndiyo tofauti.

Risiti_Mkononi

Mimi ni mhasibu, Columbus. Mpishi ameongea ya moyo, mimi niongezee ya karatasi.

Hizi bendi karibu zote zimesajiliwa kama taasisi zisizo za faida, kwa hiyo kila mwaka zinapeleka Fomu 990, yaani taarifa ya fedha zao, kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na fomu hiyo ni haki ya mtu yeyote kuiona. Itafute mtandaoni kwa jina la taasisi, soma miaka mitatu iliyopita. Usihangaike na kila ukurasa. Tazama mali na madeni mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka. Deni likipanda miaka yote mitatu huku mapato yako palepale, tatizo si la kiangazi hiki.

Kuhusu 1,800: andika barua pepe, usipige simu, taja tarehe na kiasi cha kila malipo, omba jibu kwa maandishi. Kama ulilipa kwa kadi, wasiliana na benki sasa hivi upinge malipo ya huduma usiyopewa, maana muda wa kupinga una ukomo. Wakienda mahakamani kutangaza ufilisi, wewe ni mdai kama wadai wengine, peleka dai lako usingoje kuitwa. Na usikubali pesa zako "zihamishiwe kwenye mfuko wa kufufua bendi" kwa kunyamaza tu. Nimeona hilo likifanywa, na si kwenye bendi peke yake.

MamaKwaminchi

Asanteni sana ndugu zangu. Narudisha mrejesho.

Niliandika barua kama alivyosema Risiti. Zile 700 mbili nililipa kwa kadi, benki imepokea malalamiko. Zile 400 nilitoa hundi, hizo nimeambiwa nisubiri.

Yule mkongwe nilimpigia mwenyewe. Nikamuuliza shimo ni la nini. Akanyamaza kidogo, kisha akanitumia karatasi nzima bila kinyongo. Ni deni la kampuni ya mabasi la misimu miwili na mkopo wa kununulia lori. Kesi hakuna. Nikamuuliza la pili, mnakula nini nyumbani? Akasema walikuwa na darasa la ngoma la watoto, lilikufa wakati wa korona, na kanisa moja limekubali kuwapa ukumbi bure waanze tena Machi. Hao wakongwe wanataka bendi isitoke miaka miwili, si mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Sijatoa 500. Nimetoa 100, na nimesema nyingine baada ya kuona watoto wa darasa hilo kwa macho yangu. Kijana wangu amekubali kwenda kufundisha Jumamosi. Kwa sasa anapiga mto wa kochi, jirani wa chini ameshakuja mara mbili.

Mpishi, kwenye ile karatasi kuna orodha ya mali. Lori la vyombo limeuzwa. Trela la jiko hawajaliuza. Nilipouliza kwa nini, akasema hawana mpishi, lakini wameshindwa kuliachia.

Mpishi_wa_Lori

Lina majiko mangapi? Na friji ni ya kuingia ndani, ama zile ndogo za kufungua mlango?