MJADALA: Kisiwa kikisema "tumejaa", anayerudishwa ni nani? Kisa cha Porquerolles

Mleta mada

Wadau habari za jioni. Nipo Marseille, kusini mwa Ufaransa, na huku kila joto likianza huu ubishi unarudi, nimeona niulete tuujadili kwa Kiswahili maana wengi wetu tumetoka pwani na mambo haya yanatugusa.

Kuna kisiwa kinaitwa Porquerolles, kipo hapo nje ya mji wa Hyères, unapanda boti kwenye bandari ya La Tour Fondue na ndani ya dakika 20 umeshafika. Kadogo tu, urefu kama km 7 upana km 3, gari huingii nalo, unatembea au unakodi baiskeli. Misonobari inashuka mpaka mchangani, maji unaona mpaka kucha za miguu, na ufukwe wa Notre-Dame jamani nendeni mkaone wenyewe nisiwamalizie uhondo. Ila sheria zipo, ukishatoka kijijini sigara marufuku kwa ajili ya moto, na siku ya upepo mkali wakiona hatari imepanda wanafunga njia za msituni, basi unabaki kijijini na fukwe za jirani.

Sasa hoja yenyewe. Zamani siku za kilele walikuwa wanashuka mpaka watu 12,000 kwa siku moja, kisiwa chenyewe wakazi ni mia chache! 2021 wakaweka kikomo, kipindi cha joto mwisho watu 6,000 kwa siku, idadi ikitimia kampuni za boti zinaacha kuuza tiketi. Kikomo mimi sina ugomvi nacho hata kidogo. Ugomvi wangu ni hesabu. Wanaohesabiwa ni abiria wa boti za tiketi, mwenye boti yake mwenyewe hayumo. Yaani mama na wanawe watatu katoka zake Toulon, kachelewa kukata tiketi, anaambiwa kumejaa, halafu pembeni jamaa anapita na boti yake ya mita 15, anatia nanga, anaogelea, anakunywa divai yake, jioni huyo anaondoka na hakuna aliyemuuliza kitu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nanga ndiyo inayoharibu kuliko hata huyo mama. Chini kule kuna nyasi za bahari zinaitwa posidonia, ndimo samaki wanamozalia na ndizo zinazoshika mchanga usiondoke na mawimbi. Zinatambaa sentimita chache tu kwa mwaka, nanga ikikokotwa dakika mbili imeng'oa kitu cha miaka na miaka. Kweli yoti za kuanzia mita 24 zilishapigwa marufuku kutia nanga juu ya hizo nyasi, hilo nawapongeza, ila za chini ya hapo ndio nyingi na ndizo zinajaa Agosti. Naomba maoni, kwa hoja sio kwa matusi.

Kamanda254

Buda hapa tuambiane ukweli, hii maneno ya "mazingira" mara nyingi ni njia ya kuambia maskini wakae kwao. Hicho kisiwa tajiri mmoja, Fournier, alikinunua chote 1912 akampa bibi yake kama zawadi ya harusi, sindio? Halafu 1971 serikali ikanunua sehemu kubwa. Pesa ya nani? Ya wananchi. Sasa huyo mwananchi ndio anaambiwa leo hakuna nafasi, na wenye kampuni ya mitindo ya Chanel wakanunua shamba la mizabibu hapo ndani 2019 na hakuna aliyewaambia kumejaa. Mimi nasema fungueni, muajiri watu wa kuokota taka, kwisha.

Mleta mada

Kamanda taka sio tatizo kubwa, taka unaokota. Miguu 24,000 kwenye matuta ya mchanga utaiokotaje? Na serikali ilinunua 1971 kwa sababu ya kuzuia mahoteli yasijengwe, bila hivyo saa hizi pangekuwa ukuta wa zege toka bandarini na huyo mama asingepata hata pa kutandika taulo. Ila kwenye mizabibu umenipiga, sina jibu.

Dada wa Cagliari

Kaka zangu nyie mna bahati mnabishania idadi. Huku Sardinia, Italia, kuna kisiwa cha Budelli, mchanga wake wa pinki, rangi inatoka kwenye maganda ya vijidudu vya baharini, watu walivyokuwa wanauzoa kwenye chupa kwenda kuweka sebuleni mpaka miaka ya 90 wakafunga kabisa. Hukanyagi. Unaangalia kwa boti. Na tangu 2017 ukikamatwa na mchanga wa Sardinia kwenye begi faini ni yuro 500 mpaka 3,000, na watu bado wanakamatwa bandarini na machupa yao, sijui huwa wanaenda kufanyia nini. Kwa hiyo mimi naona anayepinga kikomo cha 6,000 anaomba aje akute mlango umepigwa kufuli.

Kijana wa Nungwi

Khaa, mmenigusa. Nenda kisiwa cha Mnemba hapa kwetu Zanzibar mwezi wa nane saa nne asubuhi uone boti zilivyobanana, pomboo mmoja anafukuzwa na boti nane, kila nahodha anataka mgeni wake apate picha maana asipoipata hakuna bakshishi. Na kisiwani kwenyewe hushuki, kuna hoteli ya watu, sisi wenyeji tunakizunguka tu. Kisiwa cha Chumbe ndio wameweza, vibanda 7 tu vya kulala, matumbawe mazima mpaka raha, lakini bei ile shekhe, mtoto wa hapa anaingia akiletwa na skuli yake. Kwa hiyo Kamanda hajakosea sana, ukiacha bei ndio iwe mlinzi basi kitabakia kisiwa kizuri cha watu wengine.

Kamanda254

Asante! Nungwi amesema.

Mleta mada

Ndio maana mimi sitaki bei, nataka idadi. Hapa hapa Marseille kuna kighuba cha bahari kinaitwa Sugiton, ndani ya hifadhi ya Calanques. Walikuwa wanajaa mpaka watu 2,500 kwa siku, mizizi ya misonobari ikabaki wazi kabisa. 2022 wakaweka watu 400, unajiandikisha mtandaoni BURE, unapewa msimbo wa QR kwenye simu, mlinzi anaisoma unapita. Tajiri na fundi bomba foleni moja. Watu walilalamika mwanzoni, sasa mche unaota mwenyewe. Na kisiwa cha Port-Cros, jirani yake Porquerolles, hifadhi tangu 1963, wameweka maboya ya kufungia boti badala ya nanga, na chewa waliokuwa karibu kuisha sasa unawaona wakubwa kama mtoto wa darasa la pili wanakuangalia tu hawana habari. Chukueni hayo mawili mchanganye, Porquerolles nzima iwe maboya, na kila boya lihesabiwe ndani ya ile 6,000.

Kamanda254

Maboya hayo yanalipiwa ama ni ya bure? Kama ni ya kulipia bado ni pesa inaongea.

Mleta mada

Yalipiwe sawa, lakini yakijaa yamejaa, hata uje na yoti ya dhahabu unageuza.

Kijana wa Nungwi

Na wa kumgeuza ni nani? Mimi nimeona hapa kwetu mlinzi mmoja, boti moja, mafuta hakuna. Nyie wa Ulaya tuambieni, Agosti saa sita mchana hao walinzi wako wangapi majini?

Dada wa Cagliari

Hapo sasa. Huku kwetu wengi wanaoripoti ni watalii wenyewe, wanapiga picha namba ya boti wanatuma.