Mkataba wa taka sokoni kwetu: ushuru mnachukua kila asubuhi, masharti maalum mnatuficha kwa nini?

Wakuu, habari za mchana. Nimekasirika na sifichi.

Soko letu liko katika mji mmoja wa mpakani hapa Uganda. Jina la mji naliweka kando kwa sasa kwa sababu barua yetu ya kudai karatasi za mkataba bado iko mezani kwa ofisi inayosimamia soko. Kontena la taka limefurika mpaka taka zimemwagika upande wa wauza mukene (dagaa). Maji meusi yanapita chini ya meza, nzi wanatoka kwenye taka wanatua kwenye samaki, na akina mama wanashinda wamefunika mukene kwa magunia huku wateja wakipita wameziba pua. Hao akina mama ushuru wa leo wamelipa, na risiti wanazo mkononi.

Ukienda ofisini unaambiwa, "Mkataba upo, kontrakta yupo." Ukimfuata kontrakta anakwambia, "Mimi sijapewa oda." Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wote wawili wanasema kweli.

Mkataba waliosaini ni wa kupanga bei tu. Bei ya safari moja ya lori imekubaliwa kwa mwaka mzima, lakini lori halitoki mpaka ofisi itoe oda ya maandishi kwa kila kazi. Oda isipotolewa, kontrakta hana kosa lolote. Anaweza kulala nyumbani mwaka mzima na mkataba ukabaki salama. Sasa mbona kwenye mkutano walisimama mbele yetu wakasema soko limepata mtu wa kuzoa taka mwaka mzima? Watu walipiga makofi! Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema kwamba lori litakuja pale tu ofisi itakapoamua kuliita. Matokeo yake watu wanamtukana dereva wa lori kila anapoonekana, na mwenye kalamu ya kutoa oda anapita sokoni akisalimiwa kwa heshima zote.

Baada ya kelele nyingi wakatutolea bunda la karatasi, nene kweli kweli. Nikalipitia ukurasa kwa ukurasa. Ni masharti ya jumla matupu! Hayo ni ya nyaraka za mfano za PPDA, mamlaka inayosimamia manunuzi ya umma, ofisi nyingine zinatumia hayo hayo, na soko letu halitajwi popote. Mkataba wenyewe uko kwenye masharti maalum, kurasa chache tu zinazojazwa kwa ajili ya kazi husika, na yakipingana na yale ya jumla, maalum ndiyo yanayoshinda. Humo ndimo inamoandikwa malipo yanafanyika vipi na kontrakta akichelewa anakatwa kiasi gani. Kurasa hizo hazimo kwenye bunda. Nikauliza ziko wapi, nikajibiwa kwamba hizo ni za ndani. Za ndani ya nini, wakati fedha ni za ushuru wetu?

Kaunsala (diwani) wetu naye anatutuliza kwamba kontrakta akizembea "atakatwa". Mheshimiwa, atakatwa kwa kifungu kipi? Kama kiwango cha fidia ya ucheleweshaji hakikujazwa kwenye masharti maalum, huna msingi wa kumkata hata shilingi. Na kama kimejazwa, kuchelewa kunahesabiwa kuanzia pale oda inapotoka. Haya, oda iko wapi? Tena anasema ameongea na kontrakta aongeze safari. Hayo ni maneno ya kwenye chai. Tangu 2006 bodi za tenda za wilaya hazipo tena, tenda zinapitia kamati ya mikataba, na anayebeba dhamana ni afisa mhasibu: wilayani ni CAO (mtendaji mkuu wa wilaya), kwenye manispaa ni karani wa mji. Mkataba ukibadilishwa, mabadiliko yanapita kwenye kamati na yanaandikwa. Kaunsala hawezi kuubadilisha kwa simu.

Sasa tuje kwenye malipo, maana hapa ndipo damu inapochemka. Kontrakta hapaswi kulipwa kwa kupeleka ankara tu. Idara inayohusika ina msimamizi wa mkataba, na huyo ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba kazi imefanyika. Ankara inalipwa ikishathibitishwa, si kabla. Maana yake ni kwamba kama kuna safari zilizolipwa, kuna mtu aliyeweka saini kwamba taka zilitoka sokoni. Na kama hakuna zilizolipwa, basi fedha za kazi hiyo ziko wapi? Simwiti mtu mwizi. Nataka tuwekewe oda, ankara na hizo saini mezani, tuzilinganishe na siku ambazo lori lilionekana. Wauza mukene wanazijua siku hizo vizuri kuliko mhasibu yeyote, maana ndizo siku walizouza bila magunia.

Wapo watakaosema mambo ya tenda tuwaachie wasomi. Siwezi kukubali hilo. Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kupata habari ya 2005 inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi. Kiswahili nacho kimetajwa kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, na hapa mpakani ndicho tunachouzia na kununulia. Karatasi moja ya Kiswahili kwenye geti la soko, inayosema nani anatoa oda, nani anathibitisha kazi na oda ya mwisho ilitoka lini, itawagharimu nini? Tangazo la kupandisha ushuru walilibandika pale pale kwenye geti, na kila mtu alilielewa.

Barua tumeiandika, mwenyekiti wa soko ameisaini, ofisi imegonga muhuri wa kupokea. Tumeomba masharti maalum, oda zote zilizotolewa na jina la msimamizi wa mkataba. Kama kuna aliyewahi kudai karatasi za namna hii kwenye mji wake, iwe taka, vyoo vya soko au maji, aseme hapa alimwandikia nani, alijibiwa nini, na waliponyamaza alikwenda wapi: kwa IGG (Inspekta Mkuu wa Serikali, anayepambana na rushwa), PPDA au mahakamani?