Betri za boda za umeme: serikali ilazimishe ziwe za aina moja?

Mwenye boda, Umoja: Juzi jioni chaji iliniishia Outering hapa Nairobi, upande wa Pipeline, na kituo cha kubadilisha betri kiko mbele yangu kabisa. Kumbe cha kampuni nyingine! Betri yao haiingii kwangu, yangu hawaitaki. Nikasukuma chuma mpaka Donholm, wenzangu wa petroli wakinipigia honi. Petroli haiulizi pikipiki ni ya nani. Serikali iamuru umbo moja na plagi moja, basi.

Fundi, Kariobangi: Pole kaka, lakini umbo na plagi ndiyo kazi ndogo. Ndani ya betri kuna seli, yaani vijibetri vidogo. Za lithiamu zenye nikeli na kobalti hujazwa hadi volti 4.2 kila moja. Za chuma na fosfeti hazitakiwi kupita 3.65. Chaja ya hii itaiua ile. Ya fosfeti ni nzito zaidi kwa chaji ileile, ila inavumilia joto na inachajiwa mara nyingi kabla ya kuchoka. Utaamuru ipi? Halafu kuna bodi ya kudhibiti inayoongea na pikipiki. Wasipoelewana, inakata umeme.

Mwenye boda, Umoja: Mbona Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki walikubaliana kiwango kimoja cha betri za kubadilisha kule Japani mwaka 2021?

Fundi, Kariobangi: Walikubaliana. Hawakuamriwa.

Mama wa gesi, Kayole: Nyinyi vijana mmesahau mitungi ya gesi. Kanuni za gesi za Kenya za 2009 zilileta valvu moja, na kampuni zikalazimika kupokea mitungi ya wenzao. Sisi wateja tulifurahi, kweli. Lakini wajanja wakaanza kujaza mitungi ya watu vichochoroni, na mwenye jina kwenye mtungi hakuona sababu ya kuutunza. Mwaka 2019 kulazimishana kukaondolewa. Valvu ikabaki ileile, na hiyo ndiyo iliyotufaa. Sasa betri ni mbaya kuliko mtungi: mtungi mzee hubeba kilo sita zilezile, betri nzee hubeba nusu. Nani atatoa mpya apokee iliyochoka?

Mwenye boda, Umoja: Hapo umenishika, mama. Hata kwa kampuni yangu mwenyewe napewa betri ya kunifikisha mjini na kurudi, kesho napewa inayokata roho Jogoo Road, na bei ni ileile. Basi waanzie hapo: nilipie stima niliyotumia, isiwe kwa kila betri. Mambo ya plagi tutayarudia.