Picha tano za Wakanda: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho?

Mtafsiri wa Malaba

Habari zenu, wapenzi wa sinema. Nina kibanda cha video hapa Malaba, upande wa Uganda, karibu na malori yanapopanga foleni kusubiri karatasi. Wateja wangu wengi ni madereva na utingo wao kutoka Mombasa, na Wakongo wanaopita na biashara zao. Picha zilizotafsiriwa Kiganda na mavijei wa Kampala haziwafikii vizuri, kwa hiyo hushika maikrofoni mwenyewe nikatafsiri kwa Kiswahili.

Likizo ya Desemba nataka kuonyesha picha zote tano za Marvel ambazo T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, au watu wake wamo. Kabla sijabandika ratiba mlangoni, naomba mniambie mnazipangaje kwa ubora. Mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Wakanda Forever ya 2022. Najua wengi mtapinga. Lakini tangu utotoni kibanda kimetufundisha jambo moja: steringi hafi. Anapigwa risasi, anatumbukia mtoni, baadaye unamwona anatoka majini na bunduki mkononi. Picha hii inamzika steringi kabla hata jina lake halijaandikwa kwenye skrini. Na haikuwa hila ya mwandishi. Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alifariki kweli, tarehe 28 Agosti 2020, kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43.

Siku ya kwanza nilipoionyesha, mabenchi yote yalijaa. Mazishi yakapita, watu wote wamevaa nyeupe, wanacheza, jeneza likainuliwa juu. Ikaja nembo ya Marvel. Tumezoea hapo muziki unapiga mpaka bati linatetemeka. Safari hii hakuna muziki. Ni sura za Boseman tu zinapita na upepo unavuma. Utingo mmoja akapaza sauti, "Sauti! Mwenye kibanda, sauti!" Benchi la nyuma likaitikia, mtu akaanza kugonga ukuta wa mabati. Mkono wangu ulishafika kwenye waya wa spika kwa mazoea, ingawa picha nilikuwa nimeitazama mara mbili na nilijua. Nikasema kwenye maikrofoni, "Sauti ipo. Huyu amekufa kweli." Mabati yakanyamaza. Dereva aliyekuwa mlangoni, anatoka kwenda kuangalia gari lake, akarudi akakaa chini sakafuni. Sijawahi kuona kibanda changu kimekaa vile, hata siku ya fainali ya mpira.

Ya pili, Black Panther ya 2018. Ya tatu, Captain America: Civil War ya 2016, na hapa nasema kwa moyo wote: yumo Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani. Anamwambia Natasha apishe njia au apishwe. Sentensi moja, na kibanda kizima kikapiga makofi. Ya nne Infinity War, ya tano Endgame. Endgame ni saa tatu na dakika moja, na watu wetu karibu wote wanatokea mwishoni.

Haya, nisahihisheni.

Fundi wa Bombo

Kaka Mtafsiri, shikamoo kwa kazi hiyo, lakini ya kwanza ni ile ya 2018 na haina mjadala kwangu.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo natazama nguo kabla ya ngumi. Ruth E. Carter alipata Oscar ya mavazi kwa picha ile, akapata tena kwa Wakanda Forever. Kofia ya Malkia Ramonda, mama yake T'Challa, imetoka kwenye isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Mablanketi ya W'Kabi, rafiki wa T'Challa, na watu wake ni yale ya Wasotho. Ukimwona mtu tu unajua ametoka upande gani wa nchi, bila mtafsiri kusema kitu.

Na huyo W'Kabi ndiye sababu yangu kubwa. Anayemwigiza, Daniel Kaluuya, alizaliwa London, wazazi wake wametoka Uganda. W'Kabi watu humwita msaliti. Mimi siwezi. Mwizi Klaue alipovamia kuiba vibranium, madini ya thamani ya Wakanda, wazazi wa W'Kabi waliuawa. Miaka yote anasubiri. Mfalme anakwenda hadi Busan, anarudi mikono mitupu. Halafu anakuja mgeni, Killmonger, anayekitaka kiti cha mfalme, na maiti ya Klaue kwenye mfuko. Wewe ungemfuata nani? Kabila lake kazi yake ni kulinda mpaka, na wewe unaishi mpakani, kaka. Unajua mtu wa mpakani anavyoahidiwa na wa mjini. Mwisho Okoye, jenerali wa mfalme, anasimama mbele ya kifaru anayekuja mbio, kifaru anasimama na kumlamba uso, na W'Kabi anatupa silaha kwa sababu mpenzi wake yuko tayari kumuua kwa ajili ya nchi. Wakanda Forever haina ugomvi wa nyumbani kama huo.

Jambo jingine. Neno la kwanza la picha ya 2018 ni lipi? Isikilize tena kabla hujashika maikrofoni.

Njia ya Juba

Infinity War namba moja. Mimi ni dereva, nimechoka, nataka vita. Uwanja wa Wakanda ngao zinafunguka, T'Challa anatangulia mbio mbele ya jeshi lake. Halafu mwishoni anamnyooshea Okoye mkono amwinue, na ni yeye mwenyewe anayegeuka vumbi. Niliitazama Eldoret, nikaendesha mpaka Malaba bila kuwasha redio.

Mwalimu wa Arua

Ndugu, ubora ni jambo moja, mfuatano wa kuonyesha ni jingine. Usije ukaanza na uliyoipa namba moja. Civil War lazima itangulie, maana ndimo Mfalme T'Chaka anauawa kwa bomu kule Vienna. Mtoto asiyejua hilo hataelewa kwa nini mwana anavaa taji kwenye picha ya 2018.

Kwa ubora pia ningeipandisha hadi ya pili. T'Challa anatumia picha nzima kumsaka muuaji wa baba yake. Anapompata Zemo kwenye theluji ya Siberia, Zemo anataka kujiua, na T'Challa anazuia risasi ili akahukumiwe. Nawafundisha vijana wengi ambao wamekimbia vita Sudan Kusini. Sehemu hiyo tuliijadili darasani kwa vipindi viwili, na wasichana ndio waliosema zaidi.

Endgame usiionyeshe peke yake. Ifuate Infinity War siku hiyohiyo, la sivyo watu watataka warudishiwe pesa.

Mtafsiri wa Malaba

Mwalimu, ratiba nimeibadilisha jana hiyohiyo. Njia ya Juba, ukipita tarehe hizo benchi la mbele ni lako.

Dada Fundi, nimeisikiliza. Picha bado nyeusi, sauti ya mtoto inaita, "Baba?" Nimeitafsiri ile picha zaidi ya mara kumi na sikuwahi kuisikia, kwa sababu kila mara pale ndipo ninapowasalimia wateja na kutaja kiingilio cha picha inayofuata. Neno letu kabisa, halihitaji mtafsiri, na mimi nilikuwa nalifunika. Na mtoto huyo ndiye anayekuja kuwa Killmonger. Ukilisikia mwanzoni, basi kile chumba cha Oakland anapokutana tena na baba yake aliyekufa kinakuwa picha nyingine.

Nakubali pia kwamba Wakanda Forever inalegea katikati. Dakika 161 ni nyingi, na habari za CIA zingepunguzwa. Watoto wangu wa benchi la mbele walisinzia wakaja kuamshwa na mafuriko, Ramonda anapozama. Kimya kile cha mwanzo kinauma kwa sababu tulishampenda mtu huyu mwaka wa 2018. Asiyeiona ya kwanza angeendelea kugonga mabati. Kwa hiyo ya 2018 imepanda namba moja, na naona nimechelewa.

Civil War Alhamisi saa kumi jioni. Ijumaa saa nne asubuhi Black Panther, na salamu zangu nitazitoa nje mlangoni kabla taa hazijazimwa.