Saratani ya tezi dume ikiwahi kugunduliwa: tufuatilie au tukate?

Mtoa hoja: Ndugu zangu, napendekeza kwamba mwanaume mwenye saratani ya tezi dume ya daraja la chini, yaani isiyo kali, ambayo haijatoka nje ya tezi, apewe nafasi ya kufuatiliwa kwa karibu kabla ya kuharakishiwa kisu au mionzi. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwagawa kwa kura wanaume 1,643, na matokeo yake ya miaka 15, yaliyotolewa mwaka 2023, yalionyesha kuwa waliouawa na saratani hiyo walikuwa asilimia 3.1 ya waliofuatiliwa, 2.2 ya waliopasuliwa na 2.9 ya waliopigwa mionzi, tofauti ndogo isiyothibitisha kwamba njia moja inaokoa maisha kuliko nyingine. Miongoni mwa waliopasuliwa, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa bado anavaa pedi za mkojo miaka mingi baadaye. Kuhusu nguvu za kiume, swali ambalo wazee wetu huliuliza wakiwa tayari wameshika kitasa cha mlango, hali haikuwa nafuu.

Mchangiaji: Ndugu mtoa hoja, umeruka takwimu moja. Katika utafiti huohuo saratani ilisambaa kwa asilimia 9.4 ya waliofuatiliwa, mara mbili ya waliopasuliwa, na washiriki walikuwa karibu wote Wazungu. Tena ufuatiliaji unadai kipimo cha damu cha PSA kila baada ya miezi kadhaa, picha za MRI, na kuchukuliwa upya kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kupimwa. Mzee wa Namtumbo, kule Ruvuma, atapanda basi la Dar es Salaam mara ngapi, na asipofika kliniki nani atamtafuta?

Mtoa hoja: La kusambaa nalikubali, ingawa wale walifuatiliwa zaidi kwa PSA, bila MRI wala ratiba ya kurudia kinyama, na baadhi yao hawakuwa wa daraja la chini. La Wazungu ni pengo la kweli, hivyo kwa wanaume wetu ningetaka kinyama cha pili kichukuliwe mapema. Swali lako la mwisho ndilo zito, lakini lina jibu nyumbani: kliniki za CTC, zinazohudumia wenye VVU, zina utaratibu wa kumtafuta mteja wa ARV aliyepotea, kwa simu na kwa wahudumu wa jamii wanaobisha hodi, na sioni kwa nini daftari la utaratibu kama huo lisiwekwe kwa wagonjwa wachache wanaogundulika mapema. Pasipo na daftari hilo, wala mtaalamu wa kusoma kinyama cha pili, simshauri mzee yeyote akubali kufuatiliwa. Aombe rufaa kwanza.