IMAX, Dolby, 3D, 4DX: tiketi ya bei juu inalipa kwa hizi filamu kubwa?

Kiti_cha_Kati:

Wakuu, siku hizi filamu kubwa ikitoka unakuta ukumbi mmoja unaionyesha kwa namna nne au tano: kawaida, 3D (ya kuvaa miwani), IMAX (pazia kubwa), Dolby, 4DX (kiti kinachotikisika). Ukilinganisha tiketi ya chini kabisa na ya juu kabisa, bei inakaribia mara mbili, na ukinunua mtandaoni kuna ada juu yake. Nina maswali matatu. Nyongeza hiyo inaonekana kweli kwa filamu zipi, na kwa zipi unalipia jina? Kwa nini wiki ya kwanza punguzo zote zinafungwa hata kwa maonyesho ya asubuhi ambayo viti vingi viko wazi? Na anayeamua kukaa ukumbi wa kawaida achague siti ipi? Tafadhali msijibu "inategemea" mkaishia hapo.

fundi_leza:

Naanza na IMAX maana ndiko hela nyingi zinakopotea. Jina ni moja, mitambo tofauti. Ya kwanza ni projekta ya mkanda wa filamu wa milimita 70, ambao fremu yake imelala na kila moja inachukua matundu 15 ya ukingoni. Picha yake ni 1.43:1, yaani upana ni mara 1.43 ya urefu, inapanda juu sana, karibu na mraba. Ya pili ni projekta mbili za leza za 4K (nukta za picha nyingi kuliko 2K), ambazo kwenye kumbi chache zenye pazia refu zinafika 1.43 pia. Ya tatu ni leza moja ya 4K, mwisho wake 1.90:1. Ya nne ni ya kidijitali ya zamani, projekta mbili za 2K zenye taa za zenoni, nayo ni 1.90:1. Hiyo ya nne ndiyo ya kuangalia kwa makini, kwa sababu unaweza kulipa nyongeza na kukaa mbele ya 2K wakati ukumbi wa jirani, wa bei ya kawaida, una leza ya 4K.

Kisha angalia filamu yenyewe ilipigwaje. Hapo kuna madaraja matatu.

Daraja la juu ni filamu iliyopigwa kwa kamera za mkanda za IMAX, yote au sehemu. Oppenheimer ya 2023 ilikuwa hivyo kwa sehemu kubwa, na nakala za milimita 70 za IMAX zilionyeshwa kumbi 30 tu duniani. Sinners ya 2025 ilichanganya IMAX na uwiano mpana sana wa 2.76:1, kwa hiyo kwenye pazia la 1.43 picha inafunguka na kujifunga mbele yako. The Odyssey ya Christopher Nolan imepigwa yote kwa kamera hizo, na baadhi ya tiketi za milimita 70 zilianza kuuzwa mwaka mzima kabla ya filamu kutoka. Kwa hizi, ukiweza kufika ukumbi wa 1.43, lipa bila kusita.

Daraja la kati ni zile zenye nembo ya "Filmed for IMAX": kamera za kidijitali zilizoidhinishwa, na picha inaongezwa urefu kwa ajili ya kumbi hizo. Piga hesabu mwenyewe. Kwa upana uleule, kutoka 2.39:1 kwenda 1.90:1 unapata picha zaidi kwa asilimia 26 hivi. Kwenda 1.43:1 ni kama asilimia 67.

Daraja la chini ni filamu ya 2.39:1 mwanzo hadi mwisho ambayo picha na sauti zimeboreshwa tu kwa ajili ya IMAX. Utaona mapengo meusi juu na chini ya pazia. Unacholipia hapo ni ukubwa na sauti, basi.

Kabla ya kununua, pigia ukumbi uulize maneno haya: leza au zenoni, na pazia ni 1.43 au 1.90? Wakishindwa kujibu, chukulia ni 1.90 na uamue kwa msingi huo.

MezaYaHesabu:

Nachukua swali la bei. Ukumbi hauuzi filamu yake, unakodi. Katika wiki za kwanza, msambazaji wa filamu kubwa anachukua zaidi ya nusu ya pesa ya tiketi, kisha fungu lake linapungua kadiri wiki zinavyokwenda. Mfano uliovuma ni Star Wars: The Last Jedi ya 2017, ambapo iliripotiwa kuwa studio ilidai asilimia 65 na ukumbi mkubwa zaidi ubaki na filamu hiyo wiki nne. Zaidi ya hapo, mikataba mingi ina kiwango cha chini ambacho ukumbi lazima umlipe msambazaji kwa kila kichwa kilichoingia. Ukumbi ukikuuzia kwa nusu bei, pengo linatoka mfukoni mwake. Ndiyo maana kuponi na tiketi za bure hazipokelewi wiki za mwanzo hata viti vikiwa wazi. Ndiyo maana pia bisi na soda ni ghali kiasi kile: pesa ya kaunta hawagawani na studio.

Kwa hiyo wakati wa kwenda unategemea ukumbi unaoutaka. Kwa ukumbi wa kawaida, subiri wiki ya tatu. Punguzo zinafunguka, na filamu bado iko kwenye ukumbi wenye ukubwa wa kutosha. Kwa IMAX fanya kinyume chake, nenda mapema, kwa sababu pazia hilo ni moja kwenye jengo na baada ya wiki moja au mbili linakabidhiwa filamu inayofuata. Anayesubiri bei ishuke IMAX kwa kawaida huikuta filamu imeshahamishwa. Na usisubiri mno: zamani filamu ilikaa kumbini siku 90 hivi kabla ya kufika nyumbani, sasa siku 45 ni jambo la kawaida, na mkataba wa 2020 kati ya studio ya Universal na AMC, kampuni ya kumbi ya Marekani, uliruhusu baadhi zifike nyumbani kwa kukodi baada ya siku 17.

Bei ya siti kwa siti? AMC walijaribu 2023: siti za kati bei juu zaidi, safu ya mbele nafuu. Mwaka huohuo wakaachana nayo. Punguzo la mbele halikuvuta watu, na hilo halishangazi. Shingo ina gharama yake.

Kuhusu ada ya mtandaoni, soma kama inatozwa kwa muamala au kwa kila tiketi. Mara nyingi ni kwa kila tiketi, maana yake familia ya watu watano inailipa mara tano. Kama onyesho ni la katikati ya wiki na ramani ya viti iko wazi, nunua dirishani.

Uanachama wa mwezi nao una hesabu yake. Gawanya ada ya mwezi kwa bei ya tiketi unayonunua kwa kawaida. Ikitoka 1.6, lazima uende mara mbili kila mwezi, siyo mwezi wa filamu kubwa tu. Kabla ya kusaini tazama mambo mawili: mkataba unakufunga miezi mingapi, na kama IMAX na Dolby zimo ndani au unaongezea hela mlangoni.

SautiKwanza:

Fundi_leza ameisifu IMAX mno. Filamu yenye giza jingi, za kutisha au za angani, mimi ningeipeleka Dolby Cinema kabla ya IMAX yoyote ya 1.90. Leza mbili pale zinatoa weusi wa kweli. Kwenye taa ya zenoni, sehemu nyeusi huwa ni kijivu ukitazama vizuri. Ila msichanganye mambo: "Dolby Atmos" mlangoni ni mfumo wa sauti tu, wenye spika hadi za darini, na unaweza kufungwa kwenye ukumbi wenye projekta ya kawaida kabisa. Dolby Cinema ni picha na sauti pamoja.

Siti sasa. Wachanganyaji wa sauti hukaa karibu theluthi mbili nyuma, katikati, kwa hiyo hapo ndipo pa kuanzia. Kwa macho, pazia lichukue pembe ya nyuzi 36 hivi mbele yako, na hiyo inapatikana ukiwa umbali wa mara 1.5 ya upana wa pazia. Pazia la mita 12 linataka mita 18. Kama safu ya kwanza iko mita 6 na kila safu ina mita 1.2, ni safu ya 11. Ukumbi wa viti vya kulalia una safu pana, karibu mita 2, kwa hiyo umbali uleule ni safu ya 7. Usiamini mchoro wa pazia kwenye ramani ya viti, haujachorwa kwa vipimo. Hesabu safu.

Epuka viti viwili vya mwisho pembeni. Spika ya ukutani iliyo karibu nawe itameza maongezi.

Na kama sauti ni ndogo, si lazima filamu iwe na kosa. Kipimo cha kuchanganyia filamu ni namba 7 kwenye mashine ya sauti ya Dolby. Kumbi nyingi zinashusha hadi 5.5 au 5 kwa sababu matangazo na trela vimepigwa kwa kelele na watu wanalalamika. Kutoka 7 hadi 5.5 ni desibeli 5. Filamu ikianza, hakuna anayekumbuka kupandisha.

Kiti_cha_Kati:

Hapo nimeelewa. Bado 3D na 4DX. Na kama picha imefifia, nitajuaje kama tatizo ni la ukumbi au ndivyo filamu ilivyo?

fundi_leza:

SautiKwanza, kuhusu filamu za giza sibishi.

3D inakula mwanga. Kiwango cha 2D (picha ya kawaida) kwenye pazia ni niti 48, niti ikiwa kipimo cha mwangaza. Kupitia miwani ya 3D, kumbi nyingi za zenoni zinabaki na theluthi ya hapo, na nyingine chini zaidi. Lipia 3D pale tu filamu ilipopigwa kwa kamera za 3D au ni katuni iliyotengenezwa kwa kompyuta kwa macho mawili, na ukumbi uwe wa leza. Avatar: The Way of Water ya 2022 ilistahili. Filamu iliyopigwa 2D ikabadilishwa baadaye, iache.

Kufifia kwa 2D kuna sababu tatu za kawaida. Taa ya zenoni imezeeka na haijabadilishwa. Au kioo cha dirisha la chumba cha projekta kina vumbi. Au, na hili ni la kuudhi, kichujio au lenzi ya 3D imeachwa mbele ya projekta wakati filamu ni 2D. Kwa aina fulani za projekta utalijua hilo ukigeuka nyuma: dirishani panatoka miali miwili, mmoja juu ya mwingine, badala ya mmoja.

Kagua wakati wa trela, usingoje filamu. Angalia nyuso za watu kwenye matukio ya ndani ya nyumba na maandishi meupe: yakiwa ya kijivu au ya manjano, toka. Chumba cha projekta mara nyingi hakina mtu, kila kitu kinajiendesha, kwa hiyo usipoenda kusema hakuna atakayejua. Mwambie msimamizi wa zamu, si mkata tiketi, na utaje namba ya ukumbi. Ukilalamika dakika kumi za mwanzo unabadilishiwa onyesho au unarudishiwa hela kirahisi. Ukikaa hadi mwisho, hoja yako inakuwa dhaifu.

SautiKwanza:

4DX: kiti kinatikisika, upepo, maji, harufu, mwanga wa radi. Inafaa filamu ya magari au vita isiyozidi saa mbili. Zaidi ya hapo inachosha, na matukio ya maongezi yanaharibika kwa sababu kiti kinasogea kila kamera inaposogea. Maji yanazimwa kwa kitufe kilicho kwenye mkono wa kiti, mtikisiko hauzimwi. Mwenye mgongo mbovu au mjamzito asiingie. Kama unataka mtikisiko peke yake tafuta D-BOX, ambayo nguvu yake unairekebisha mwenyewe kitini, hadi kuzima kabisa.